Roboti Yetu Ililala, Kadi Tukapewa Sisi: Refa Aliona Nini?

SWALI: Habari, Mhandisi. Mimi ni mwalimu msimamizi wa klabu ya roboti katika shule moja ya upili huku Embakasi. Majuzi tulialikwa kwenye mashindano ya kirafiki ya shule za Nairobi yaliyotumia mwongozo wa FIRST Tech Challenge, yale mashindano ya kimataifa ya roboti za wanafunzi. Katika mechi moja roboti yetu iligongwa mara moja tu mkono wake ukiwa juu, ikalala ubavu mpaka mwisho wa mechi. Refa hakutoa adhabu yoyote. Baadaye tulikutana tena na timu ile ile. Dereva wetu akaisukuma roboti yao, ikainuka ikabaki na magurudumu mawili sakafuni, akaendelea kusukuma kidogo, kisha ikarudi chini na kucheza kama kawaida. Sisi tukapewa madhambi makubwa na kadi ya njano! Roboti yetu ina bamba lililoinama upande wa mbele, la kuzolea mipira. Nina video ya simu ya mechi zote mbili. Je, refa alipendelea? Na je, niwakataze wanafunzi kukaba kabisa? Wazazi wawili wameniambia mchezo huu umegeuka uhuni.

JIBU: Mwalimu, kwa jinsi ulivyosimulia, refa aliamua sawa mara zote mbili. Najua jibu hilo linauma, hasa ukifikiria watoto waliokaa wakiitazama roboti yao imelala huku saa ikiendelea kuhesabu. Lakini ukiwaeleza kwa nini aliamua hivyo, watacheza vizuri zaidi kuliko timu nyingi za hapa jijini.

Kanuni ya kupindua haiulizi ni roboti gani iliyoanguka. Inauliza ni dereva gani aliyefanya jambo gani. Mwongozo wa FIRST Tech Challenge unasema kwamba roboti haitashika, kupindua wala kujifunga na roboti ya mpinzani kwa makusudi. Papo hapo unaeleza kwamba roboti ikipinduka kwa bahati mbaya katika mgusano wa kawaida wa mchezo, kwa jinsi refa alivyouona, hilo si kosa. Tena unatoa mifano ya makosa yenyewe. Wa kwanza ni kutumia kifaa chenye umbo la kabari kumwinua mpinzani. Wa pili ni kuendelea kumgusa mpinzani ambaye tayari ameanza kupinduka, wakati ungeweza kumwachia.

Sasa pima mechi zako kwa mizani hiyo. Katika ile ya kwanza kulikuwa na pigo moja, na roboti yenu ilikuwa imeinua mkono. Aliyewagonga hakurudi kuwagonga tena. Hiyo ni ajali ya mchezo, hata kama hasara ilikuwa kubwa. Katika ya pili, bamba lenu liliingia chini ya fremu ya wenzenu. Mpaka hapo refa angeweza kusema ni bahati mbaya, kwa sababu bamba lile lilitengenezwa kuzoa mipira na halikutengenezwa kupindua mtu. Ila roboti ya wenzenu ilipoinuka, dereva wenu hakurudi nyuma. Nusu sekunde ile ndiyo iliyoleta kadi. Kwamba roboti yao ilirudi chini salama kuliwapunguzia adhabu: kama ingebaki imelala bila kuweza kuendesha, mwongozo unaelekeza kadi nyekundu.

Waeleze watoto uzito wa kadi hizo. Kwa hesabu ya misimu ya karibuni, madhambi madogo huwapa wapinzani pointi 5, na makubwa huwapa pointi 15. Kadi ya njano yenyewe haiondoi pointi, lakini inabaki na timu katika mechi zote za awali (za kupangia nafasi) zilizosalia, na ya pili inageuka nyekundu. Nyekundu ni kufutiwa mechi. Kwenye hatua ya mtoano kadi nyekundu ya timu moja inauangusha muungano mzima, yaani timu zinazocheza upande mmoja, pamoja na wenzenu ambao hawakukosea lolote.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria mkono, bamba au programu, mfundishe dereva wako jambo moja: akiona gurudumu la mpinzani limeacha sakafu, avute rimoti nyuma mara moja. Asingoje kuona litaishia wapi. Kocha anayesimama kando ya madereva awe na neno moja la kupaza sauti, “Achia!”, na neno hilo lisibishaniwe. Refa akiona umerudi nyuma mara tu mwenzako alipoinuka, umemwonyesha nia yako waziwazi, na nia ndiyo anayotafuta. Kwa bamba lenu, suluhisho ni jepesi: mkikaba, kabeni kwa mgongo. Geuzeni roboti ili upande wake uliosimama wima ndio ukutane na mpinzani, na bamba lielekee kwingine au likunjwe juu ikiwa linakunjika. Timu inayokaba kwa upande wenye mteremko inamlazimisha refa afikirie kabari hata pale isipokusudiwa.

Nije kwenye roboti yenu iliyolala, maana hapa ndipo penye kazi ya uhandisi. Mwongozo hauwezi kuisimamisha roboti ambayo imejengwa ya kuanguka.

Roboti hupinduka kwa sababu ya uhusiano wa vipimo viwili: nusu ya umbali kati ya magurudumu ya upande mmoja na ya upande wa pili (au ya mbele na ya nyuma, ikiwa ni kufunga breki), na kimo cha kitovu cha uzito kutoka sakafuni. Tuchukue mfano. Magurudumu yako yametengana sentimita 36, kwa hiyo nusu ni 18. Mkono ukiwa chini, kitovu cha uzito kiko sentimita 12. Gawanya 18 kwa 12, unapata 1.5. Roboti hiyo inaweza kuinama nyuzi kama 56 kabla haijapinduka. Sasa inua mkono na mpira wake hadi kitovu kifike sentimita 30. Gawanya 18 kwa 30, unapata 0.6, na nyuzi zimeshuka hadi 31. Ni roboti ile ile, betri ile ile na fremu ile ile, ila imekuwa kama mkokoteni wa Marikiti uliorundikwa magunia mpaka juu: unakwenda vizuri mpaka kona ya kwanza.

Namba hizo mbili zina maana nyingine ambayo timu nyingi haziijui. Linganisha jibu lako na msuguano kati ya gurudumu na sakafu. Gurudumu la mpira juu ya vigae vya sponji vya uwanja wa mashindano huweza kuwa na msuguano unaokaribia 1. Roboti yenye 1.5 ikisukumwa ubavu au ikifunga breki ghafla itateleza, kwa sababu msuguano unaisha nguvu kabla ya roboti kufikia hatua ya kuinuka. Yenye 0.6 haitapata nafasi ya kuteleza. Gurudumu litang'ang'ania kigae na mwili utaendelea mbele. Piga hesabu: mara 0.6 ya mvutano wa dunia ni kama mita 5.9 kwa sekunde kwa sekunde. Roboti inayokwenda mita 1.5 kwa sekunde ikisimama ndani ya robo sekunde imepita kiwango hicho. Magurudumu ya nyuma yanaanza kuinuka bila mtu yeyote kuigusa. Ikifika hapo, mguso mdogo tu unamaliza kazi, na aliyegusa anaonekana mkosaji ilhali roboti ilikuwa imeshaanza kujiangusha.

Sasa nikuulize, Mwalimu: mnafanyia mazoezi wapi? Shule nyingi za Nairobi hufanyia kwenye simiti iliyong'arishwa ya ukumbi au ya darasa. Pale kuna vumbi, msuguano ni mdogo, na roboti ya mkono mrefu inateleza vizuri tu bila kuonyesha dalili yoyote. Watoto wanaamini wameunda roboti imara. Wakifika kwenye vigae vya sponji siku ya mashindano, roboti ile ile inapinduka kwenye mechi ya kwanza na lawama zote zinaenda kwa wapinzani. Uwanja kamili una vigae 36 vya futi mbili kwa futi mbili, sita kwa sita. Hamhitaji vyote kwa mazoezi haya. Tafuteni vichache vinavyofanana navyo, hata ile mikeka ya sponji ya kuunganisha inayouzwa kwa ajili ya watoto na mazoezi ya viungo, muunde eneo la kuendesha, kufunga breki na kugeuka mkono ukiwa juu.

Jaribio lingine halina gharama. Weka roboti juu ya ubao mpana, mkono ukiwa juu, na pigilia kipande chembamba cha mbao pembeni mwa magurudumu ya upande wa chini ili yasiteleze. Watoto wawili wakae karibu, tayari kuidaka roboti lakini bila kuigusa, na mwingine ainue ubao polepole. Pima kwa simu nyuzi ambazo magurudumu ya juu yanaanza kuachia. Fanyeni mkono ukiwa chini, kisha nusu, kisha juu kabisa, mwandike namba hizo kwenye daftari la uhandisi la timu. Mkiulizwa na waamuzi wa tuzo, vipimo vya namna hii vina uzito kuliko picha nyingi.

Najua wazo la kwanza litakuwa kuongeza uzito chini. Fundi wa jua kali pale Kamukunji atawakatia kipande cha chuma bapa kwa bei nafuu, na si vibaya, mradi msitumie madini ya risasi, maana hayaruhusiwi. Lakini angalieni hesabu kabla ya kutumaini sana. Roboti ya kilo 12 yenye kitovu sentimita 30 juu, ukiifungia kilo moja na nusu ya chuma sentimita 3 kutoka sakafuni, kitovu kinashuka hadi sentimita 27 tu. Kutoka 0.6 umepanda hadi kama 0.67. Kushusha mkono nusu wakati wa kusafiri kunakupa zaidi ya hapo, bila mota kubeba mzigo wa ziada. Betri iwe chini kabisa, mota za mkono zishuke kadiri zinavyoweza, halafu shughulikieni programu.

Kwenye programu, fanyeni mambo mawili. Kwanza, kasi na mchapuko (jinsi kasi inavyoongezeka au kupungua) vifungwe na kimo cha mkono: mkono ukipita nusu, roboti isiruhusiwe kwenda zaidi ya sehemu fulani ya kasi yake, na isiweze kusimama kwa mkupuo hata dereva akiachia rimoti ghafla. Pili, ile Control Hub mnayotumia, yaani kompyuta ndogo inayoiendesha roboti, ina kihisi cha mwinamo ndani yake. Kisomeni kila mzunguko wa programu. Mwinamo ukizidi nyuzi kama 10, programu ishushe mkono yenyewe na kupunguza nguvu ya magurudumu. Dereva wa miaka 15 aliyekodolea macho mpira hawezi kuona nyuzi 10. Programu inaziona.

Nirudi kwa wazazi wale wawili. Wanafunzi wengi wa hapa kwetu huanza na FIRST LEGO League au World Robot Olympiad, ambako mara nyingi roboti hufanya kazi yake peke yake mezani, hakuna anayeigusa. Mzazi aliyezoea hayo akiona roboti nne zikisukumana ndani ya uwanja wa mita 3.66 kwa 3.66 atasema ni vita. Mwelezeni kwamba huu ni mchezo mwingine. Kukaba ni sehemu halali ya mchezo, kama beki anavyokaba kwenye kandanda, na mwongozo unawatarajia wachezaji wagusane. Woodie Flowers, profesa wa MIT aliyelijenga shirika la FIRST, lenye mashindano haya, pamoja na mwanzilishi wake Dean Kamen tangu mwanzo wake na aliyefariki mwaka 2019, alisisitiza kwamba mtu anaweza kushindana kwa nguvu zake zote na bado amheshimu anayeshindana naye. Naliamini hilo kabisa. Ukiwakataza watoto kukaba, utawafundisha kwamba mgusano wowote ni uovu, na siku watakapoguswa watakasirika, kama walivyokasirika safari hii.

Wafundishe kukaba kwa ufundi. Beki mzuri wa roboti hagongi, anakaa njiani. Anasoma mpinzani anazolea wapi na anafungia wapi, anajiweka katikati, na kumlazimisha azunguke. Kila mzunguko wa ziada ni sekunde zimeliwa katika kipindi cha madereva cha dakika mbili. Mkiwa na magurudumu ya mekanamu (yenye viringisho vidogo kuzunguka ukingo wake), kumbukeni vile viringisho vyake vinafanya roboti isukumike kirahisi kwa ubavu, kwa hiyo msitegemee kushinda kwa kusukumana, tegemeeni kuwahi.

Kuna kosa linalowanasa mabeki wapya kuliko hata kupindua, nalo ni kubana. Mkimzuia mpinzani asiweze kusogea, iwe kwa kumgusa moja kwa moja au kwa kumkandamiza ukutani, huku yeye anajaribu kuondoka, refa anaanza kuhesabu. Mwongozo wa sasa wa FIRST Tech Challenge unaruhusu sekunde 3. Zikipita ni madhambi madogo, na mengine yanaongezwa kila baada ya sekunde 3 nyingine. Kurudi nyuma kidogo na kumrukia tena hakufuti hesabu: lazima mwachane futi mbili, yaani upana wa kigae kimoja, kwa zaidi ya sekunde 3, au mmoja wenu awe amesogea umbali huo kutoka pale mlipobanana. Kocha ahesabu kwa sauti, “moja, mbili, toka.” Na msimsukume mpinzani makusudi mpaka aingie eneo lililokatazwa ili apewe adhabu, mwongozo hauwapi zawadi kwa hilo. Mwisho wa mechi, roboti zinaponing'inia au kuegesha, kaeni mbali nazo mpaka mmesoma kanuni za msimu huo mstari kwa mstari. Mchezo hubadilika kila Septemba na namba za kanuni hubadilika nao.

Lini kukaba kuna faida? Fanyeni hesabu kabla ya mechi, si katikati ya hasira. Ikiwa roboti yenu hufunga pointi 15 kwa mechi na ya mpinzani hufunga 60, mkimpunguzia theluthi moja mmeokoa 20, ambazo ni zaidi ya zile ambazo mngefunga. Lakini madhambi makubwa mara moja tu yanaila faida hiyo na kuwaacha na hasara. Ikiwa ninyi ndio wafungaji wakubwa wa muungano, fungeni. Mwacheni mwenzenu akabe.

Na video mnazotazama mtandaoni, chagueni kwa makini. Mashindano ya FRC (FIRST Robotics Competition) yana roboti kubwa zaidi, tatu kila upande, na kila moja imezungushiwa bampa za lazima, ndiyo maana zinagongana kwa nguvu mnayoiona. Roboti zenu hazina bampa. Katika VEX V5, mashindano mengine ya roboti za wanafunzi, hesabu ya kubana ni sekunde 5, na refa akiwa na shaka kati ya anayeshambulia na anayekaba, shaka humfaidi anayeshambulia. Dereva aliyejifunza kukaba kwa kutazama mchezo usio wake atakosea akiwa na uhakika kwamba yuko sahihi.

Kuna jambo ambalo hukulisema, ila nimelisoma katikati ya maneno yako: ile mechi ya marudiano. Dereva wako alikuwa ameona roboti yake imelala, kisha akapangwa na waliomwangusha. Sidhani alipanga kuwapindua. Nadhani aliona gurudumu limeinuka na mkono wake ukachelewa kurudi kwa sababu moyoni aliona wanastahili. Zungumza naye peke yake, bila kumwaibisha mbele ya klabu, na umuulize alifikiria nini katika nusu sekunde ile. Usimtoe kwenye udereva. Mkipangwa tena na timu kama hiyo, nahodha aende kwao kabla ya mechi, awasalimie, awaambie, “Mkono wetu ukiwa juu tunaanguka upesi, na bamba letu tutaligeuza nyuma.” Timu nzuri itakujibu kwa uungwana huo huo, na waamuzi wa tuzo huona mambo hayo.

Kuhusu video yako: haitakusaidia kukata rufaa. Refa mkuu hatazami video wala picha za mechi, za mtu yeyote. Anayeuliza ni mwanafunzi mmoja wa timu, anayesimama kwenye eneo dogo la maswali kando ya uwanja mapema baada ya mechi. Mwalimu na mzazi hubaki nyuma. Mwandae mwanafunzi huyo. Asiulize “Kwa nini mmetuonea?” Aulize, “Tumepewa kadi kwa kosa gani, na dereva wetu angefanya nini tofauti?” Asikilize mpaka mwisho, aandike jibu, ashukuru, aondoke. Video ibaki kwa ajili ya Jumamosi yenu ya mazoezi: itazameni polepole, msimamishe pale gurudumu linapoachia kigae, na kila dereva aseme angeanza kurudi nyuma sekunde gani.